Muulize Mwalimu: Karura, msitu ulio ndani ya jiji, na Gede, mji ulio ndani ya msitu

Toleo lililopita nilimjibu kijana mmoja wa Malindi aliyekuwa anahamia Nairobi kusoma. Nikamwambia akichoshwa na moshi wa magari aende Msitu wa Karura, nisiseme zaidi ya hapo. Tangu hapo barua na ujumbe wa simu zimemiminika, kutoka Barani hadi Mkomani, na wengi wenu mnauliza jambo moja: msitu gani huo, na umewezaje kubaki katikati ya jiji bila kumalizwa? Nimeona safu yote ya mwezi huu niitolee misitu. Nilifundisha historia Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Malindi, na mpwa wangu anakaa karibu na Barabara ya Kiambu, kwa hivyo kila nikienda kumtazama lazima nipite Karura.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Malindi. Muhula ujao tunawapeleka watoto Nairobi: Bunge, Makumbusho ya Taifa na mbuga ya wanyama. Mwenzangu anataka tuongeze Karura asubuhi moja. Je, ni msitu kweli, au ni bustani ya maua na viti vya kukalia? Na watoto wa pwani wataona nini huko wasichokiona hapa?
*Mwalimu wa Gredi ya 6, Barani, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Ni msitu kweli. Una hekta 1,041, yaani ekari zaidi ya 2,500, na jirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri yalipo makao ya Umoja wa Mataifa. Barabara ya Limuru iko upande mmoja, Barabara ya Kiambu upande mwingine. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mdogo wa reli. Jiji ndilo lililokua likauzunguka.

Waeleze watoto ukweli wote, kwamba si kila mti watakaouona ni wa asili. Sehemu kubwa ilipandwa mikalitusi na miti mingine ya kigeni enzi za ukoloni, na mikalitusi ilikuwa kuni za treni, kwani garimoshi la zamani lilikula magogo usiku na mchana. Sasa miti hiyo inaondolewa kidogo kidogo na ya asili inarudishwa mahali pake. Mwombe mwelekezi awapitishe sehemu zote mbili, moja baada ya nyingine. Chini ya mikalitusi ardhi ni kavu na ndege ni wachache. Ukiingia tu kwenye miti ya asili, unyevu unakupiga usoni na makelele ya hondohondo yanaanza. Hapo hakuna haja ya mwalimu kusema kitu, watoto watajionea wenyewe.

Kisha watafutie mhuhu. Hili nakusihi usilipite. Mhuhu wa Karura ni mti ule ule wa Arabuko-Sokoke, ule uliokuwa ukichongwa vinyago na wachongaji wetu hapa Malindi mpaka ukawa adimu, na wengi wao wakahamia mwarobaini. Watoto wako wamekua wakiona twiga na vifaru wa mhuhu wamepangwa vibandani, lakini wangapi wamewahi kuushika ukiwa hai? Huku kwetu unaota kwenye udongo mwekundu, si mbali na usawa wa bahari. Kule unaota karibu mita 1,700 juu ya bahari, penye baridi ya kuvaa sweta mwezi wa Julai. Mti mmoja, nchi mbili tofauti kabisa. Somo zima la jiografia limo ndani ya shina hilo.

Maporomoko ya Mto Karura na mapango ya Mau Mau yako kwenye njia moja ya bondeni, kwa hivyo anzieni huko kabla jua halijapanda. Maporomoko yana kimo cha mita kama 15. Nitayaeleza mapango hapo chini, maana kuna mzee wa Lamu aliyeyauliza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeyaeleza bila kuulizwa. Baada ya hapo kuna kibwawa cha mayungiyungi, kuna kona iliyowekwa kwa kumbukumbu ya Profesa Wangari Maathai, na kuna kitu ambacho watoto hukipenda kuliko vyote: tanuri kuukuu la Benki Kuu, zilikokuwa zikichomwa noti zilizochakaa. Hebu fikiri, watoto wa Gredi ya 6 wanaambiwa kwamba pesa halisi ziliteketezwa mle ndani! Maswali yao hayatakwisha mpaka mfike Mtito Andei.

Wanyama wapo: kima, funo, paa, pongo, nguruwe mwitu. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe yanayoning'inia, walikuwa wametoweka wakaletwa tena kutoka Kipipiri, Nyandarua. Simba hayupo, waambie wazazi mapema.

Kuhusu safari yenyewe: viatu vya kufunga, si malapa. Ada ya kiingilio hulipwa kwa simu, msitegemee fedha taslimu langoni, na bebeni barua ya shule. Maji yawe kwenye chupa za kutumika tena, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi nchini. Na tafadhali usiwape watoto karatasi ya kujaza majibu. Nimeona darasa zima likipita maporomoko vichwa vimeinamia karatasi. Wakalishe mtoni nusu saa wasikilize, kisha waulize wamesikia nini.

Assalamu alaikum Mwalimu. Kifungua mimba wangu anasoma Nairobi, na ananambia kila Jumamosi huenda kukimbia kwenye msitu huo wa Karura. Nimeingiwa na hofu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na habari alizokuwa akituletea za msitu huo zilikuwa za majambazi na maiti. Nimkataze?
*Mama wa Watano, Langoni, Lamu*

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Mumeo hakuwadanganya. Kwa miaka mingi Karura ilikuwa mahali pa kupitwa mbio, vioo vya gari vimefungwa. Watu waliibiwa humo, na maiti zilitupwa humo. Nilipokuwa nafundisha, mzazi hangeruhusu mtoto akaribie hata ukingoni, na mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga.

Lakini nataka ulione jambo moja katika hadithi hiyo. Msitu ambao watu wema wanauogopa hubaki mikononi mwa wabaya peke yao. Wakati sisi tunapita mbio, kuna waliokuwa wakiingia taratibu na ramani na vigingi vya kupimia viwanja. Nani angejua kwamba kipande kimekatwa upande wa ndani, ikiwa hakuna mtu anayekwenda huko? Mimi naamini hofu ile iliwafaa sana walionyakua ardhi kuliko hati yoyote waliyoandikiwa.

Mabadiliko yalianza majirani walipojiunga na Idara ya Misitu kuusimamia, kwenye mwaka 2009 na kuendelea. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa vijiji vya jirani kama Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi wa doria. Hilo la vijana ndilo lililonifurahisha kuliko uzio. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa msitu anajua kila kichochoro chake, na akilipwa mshahara wa kuulinda, jambazi hana pa kujificha. Baada ya hapo malango yakafunguliwa kwa wananchi. Leo Jumamosi asubuhi utakuta akina mama na vigari vya watoto, wazee na mikongojo, wapanda baiskeli, na wakimbiaji kama mwanao, mamia kwa mamia.

Kwa hivyo usimkataze, mpe masharti. Aingie kwa lango, alipe, asiruke mahali. Msitu hufunguliwa alfajiri saa kumi na mbili na watu huanza kutolewa saa kumi na mbili jioni, asisubiri giza. Asikimbie peke yake kwenye njia za ndani kabisa siku za katikati ya wiki ambapo watu ni wachache. Njia panda zina nguzo zenye namba, na akipotea au akiteguka mguu, ataje namba ya nguzo iliyo karibu naye kwenye simu na atafikiwa. Na ukija Nairobi kumtembelea, dada, fuatana naye. Mtandio wako na viatu vya chini vinatosha. Hofu ya namna hii haiondoki kwa kuelezwa na mtu wa safu gazetini, huondoka mtu akitembea mwenyewe.

Mwalimu, salaam. Nasikia Karura kuna mapango ya Mau Mau. Mimi nimepita miaka sabini. Marehemu baba alikuwa akitusimamisha ufuoni akituonyesha ng'ambo ya Manda, akisema wapigania uhuru wa bara walifungwa pale. Je, mapango hayo na Manda ni habari moja? Na mbona huku kwetu siku hizi hakuna anayeitaja?
*Mzee wa Mkomani, Lamu*

Shikamoo, baba. Ni habari moja, na nimefurahi kwamba aliyeuliza ni mtu wa Lamu.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Wapiganaji wengi waliingia kwenye misitu mikubwa ya Nyandarua na Mlima Kenya, lakini wengine walijificha Karura, karibu kabisa na mahali alipokuwa akilala gavana. Ukisimama mbele ya mapango hayo leo utastaajabu. Matundu yenyewe yako kwenye mwamba kando ya mto, vichaka vimeyaziba, na ndani ni giza na unyevu. Jiji liko hatua chache tu. Chakula kilipita humo, habari zilipita humo. Na kabla ya vita, wazee wa Kikuyu walipaheshimu mahali hapo kama mahali pa ibada, kwa hivyo waliojificha hawakuwa wamekimbilia tu shimo lolote; walikwenda mahali walipoamini kwamba wako mikononi mwa Mungu na wazee wao.

Waliokamatwa walitawanywa nchi nzima. Mkoloni alitaka kuwaweka mbali na kwao, kwenye joto wasilolizoea na lugha wasiyoisikia, na kisiwa cha Manda kilimfaa. Kambi ya kizuizini ikawekwa pale, ikawapokea wasomi, waandishi na viongozi waliokamatwa mwanzoni kabisa. Miaka michache baadaye, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa kambini Hola, kwenye Mto Tana, na habari ile ndiyo iliyoitikisa London. Kwa hivyo njia ya uhuru wa Kenya ilipita Karura, ikapita Manda, ikapita Hola. Mbili katika hizo tatu ni huku kwetu. Hata Ngome ya Lamu, ambayo watoto wa leo wanaijua kwa maonyesho na harusi, ilikuwa jela mpaka mwaka 1984.

Unauliza mbona haitajwi. Naona ni kwa sababu tumezoea kuigawa historia: hii ya bara, hii ya pwani, hii ya Waswahili, hii ya Wagiriama. Lakini angalia jinsi zinavyofanana. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, makao yao matakatifu ndani ya msitu, wakala kiapo cha kumkataa mkoloni asiwachukue vijana wao na ardhi yao. Alikamatwa akapelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Kwa nini ulipue miti? Kwa sababu walijua kwamba watu wale walipata nguvu mahali pale. Misitu ya kaya ya Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mapango ya Karura, kwa maoni yangu, yanastahili heshima hiyo hiyo kwa watu wa Nairobi.

Baba, una kazi moja usiyoweza kumwachia mtu mwingine. Mwite mjukuu mwenye simu nzuri, mkae ufuoni mnatazama Manda, umsimulie yote baba yako aliyokwambia: nani alipeleka chakula, nani aliona nini, mashua zilifika wapi. Arekodi. Kumbukumbu za aina hiyo hazimo kwenye vitabu tunavyofundishia.

Mwalimu, nakusoma kila mwezi lakini leo nina lalamiko. Mimi ni kijana wa Mida. Kila nikifungua simu ni Karura, Karura. Sisi tuna Arabuko-Sokoke ambao ni mkubwa kuliko huo mara nyingi, na Gede tuna mji mzima wa kale ndani ya msitu. Lakini wageni wanatupita na magari yao kwenda ufuoni Watamu. Huyo Mama Wangari alipanda mti mmoja akawa shujaa. Je, ni kweli alipigwa? Na sisi tufanye nini?
*Kijana wa Mida, Kilifi*

Mwanangu, lalamiko lako nalipokea, ila kwanza nikurekebishe, maana mama huyu namheshimu sana na sitaki apunguzwe.

Hakupanda mti mmoja. Alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na akina mama wa vijijini walikuwa wamepanda mamilioni ya miti kabla ya Karura kuingia kwenye habari. Mwaka 1989 alisimama peke yake dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Kisha mwaka 1998 ikajulikana kwamba vipande vya Karura vimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba za kifahari. Akaenda na miche.

Na ndiyo, alipigwa. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda langoni na kundi la wenzake, wakiwamo wabunge na waandishi wa habari, wapande mti. Wakakuta wanaume wengi wamewasubiri na marungu, mapanga na mijeledi. Alipigwa kichwani, damu ikamchuruzika. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia saini kwa damu yake mwenyewe. Kamera zilikuwapo, na dunia nzima iliona. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani mwezi huo huo. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kwamba amepiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na alikuwa ameshausia asizikwe kwa jeneza la mbao. Lake lilitengenezwa kwa mianzi, matete na magugu maji. Hata kufa kwake hakukukata mti.

Sasa nije kwenu. Unasema kweli kuhusu ukubwa. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na Karura ni kama kumi tu. Ni msitu mkubwa kuliko yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Na ni kama misitu mitatu iliyounganishwa: ule wenye mibambakofi, ambayo mbao zake ndizo zilizochongwa milango ya Lamu, ule wa mirihi kwenye mchanga mweupe, na ule wa mihuhu na mifunda kwenye udongo mwekundu. Kuna bundi wa Sokoke, mdogo, anayetoshana na kiganja changu, watu wanasafiri kutoka Ulaya ili wamwone dakika tano tu. Kuna sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye nyinyi wa Mida mnamwona akikatiza njia na hamgeuki hata kumtazama. Kuna tembo. Karura haina hata kimoja katika hivyo.

Na Gede! Watu waliishi hapo tangu karne ya 12 hivi, mji ukastawi sana karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa: 802 Hijria, ambao ni mwaka 1399. Kuna msikiti mkuu, kasri, kuta mbili za mji, vyoo ndani ya nyumba, na nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa humo, kama Nyumba ya Makasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Vyombo vya Kichina vilifika hapo, na shanga za Venice pia. Ukiinama kwenye kile kisima kirefu karibu na msikiti, utaelewa sababu mojawapo ya watu kuondoka: maji yalishuka, wakachimba, yakashuka tena. Uvamizi na vita vya karne zile vikamalizia. Kisha msitu ukarudi, ukapanda juu ya kuta, na mizizi ya mikuyu bado imekumbatia mawe mpaka leo. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO ikaitia Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia. Umri wako ukoje, mwanangu? Hii si habari ya mababu, imetokea ukiwa na simu mkononi. Ulikwenda kuona?

Nakuuliza kwa upendo, lakini nakuuliza. Wewe na vijana wenzako wa Mida, ni lini mara ya mwisho mliingia Gede au Arabuko-Sokoke kwa miguu yenu, si kwa kukata fito wala kuokota kuni? Watu wa Nairobi hawakuipenda Karura kwa sababu wageni waliipenda. Waliipenda kwa sababu wanaitembea wao wenyewe, wanajua jina la kila njia, na mtu akijaribu kusogeza uzio usiku, asubuhi mkimbiaji wa kwanza atapiga simu. Msitu unaotembelewa na wenyewe ni mgumu kuibiwa. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulichukue katika safu hii yote, kuliko hesabu za hekta.

Huku kwetu tuna mfano mzuri wa nguvu hiyo, tena hapo hapo Gede. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walikuwa wakitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na huwezi kuwalaumu, kwani tembo na nyani walikuwa wakila mahindi yao na wao hawapati kitu. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo. Wakulima wanafuga viwavi wa vipepeo vya msituni, wanawalisha majani ya miti ya msituni, na wakishajifunga tayari kugeuka, wanauzwa kwenye mabanda ya maonyesho Uingereza na Marekani. Mama aliyekuwa akiuona msitu kama adui wa shamba lake akaanza kuuona kama mahali panapolipa karo ya mtoto. Mimi nimewaona akina mama hao Jumatatu asubuhi na vikopo vyao, wanajua kila kipepeo kwa mti anaotagia. Huo ni usomi, na ungekuwa na vyeti ungepigiwa makofi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wakazi haki ya kuunda chama cha jamii cha msitu na kuandikiana mkataba na Idara ya Misitu wa kusimamia pamoja. Karura inaendeshwa kwa mtindo huo. Vyama vya namna hiyo viko tayari kuzunguka Arabuko-Sokoke, kwa hivyo msianzishe kingine. Nendeni kituo cha msitu hapo karibu na njia panda ya Gede, mwulize kikao cha chama chenu ni lini, muingie mkiwa kundi. Kikaoni ulizeni mapato yanagawanywaje, na doria inafanywa na nani. Maswali hayo mawili yanafungua mengine yote.

Pili, anzisheni matembezi ya Jumamosi. Msingoje mgeni. Mwezi wa kwanza Gede, mwezi wa pili njia za msituni mkiwa na mwelekezi, maana tembo wapo, mwezi wa tatu mikoko ya Mida mlikozaliwa. Mlete wadogo zenu, mlete na bibi mmoja wa Kigiriama anayejua dawa na majina ya miti. Wenye vipaji wasomee uelekezi wapate leseni. Anayeweza kumwonyesha mtu bundi wa Sokoke akiwa amelala mchana hatakosa kazi.

Tatu, andikeni. Mkiona gogo la mbambakofi limekatwa, piga picha, andika tarehe na mahali, peleka kituoni, na nakala ibaki kwenu. Karura iliokolewa kwa ujasiri, lakini pia iliokolewa kwa sababu kulikuwa na picha.

Mkipanga matembezi ya kwanza, nitumieni tarehe kupitia mhariri. Magoti yangu bado yanafika mpaka kisimani Gede, na nitakuja na wanafunzi wangu wa zamani wa Malindi.